Ziwa Lilipofungwa: Shajara ya Picha ya Mama Mkubwa

Ujiji, Kigoma. Mei hadi Agosti 2024

16 Mei

Jana ziwa limefungwa. Miezi mitatu, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, hakuna kuvua upande wetu wa Ziwa Tanganyika, samaki wapate kuzaliana. Leo mama mkubwa ameamka saa kumi alfajiri kama kawaida yake, akajifunga kitenge, akachukua kapu, akafika mlangoni, ndipo akakumbuka. Nilimsikia akiliweka kapu chini. Hakurudi kulala. Alikaa kwenye kigoda barazani mpaka kukapambazuka, mikono juu ya magoti, viganja vikiangalia juu.

Amenilea tangu nina miaka tisa, na sijapata kumwona amekaa bila kazi mikononi. Zaidi ya miaka 30 amekuwa mtu wa dagaa pale kwenye mwalo wa Kibirizi: kupokea mitumbwi alfajiri, kupatana bei, kuanika kwenye vichanja, kugeuza, kufunga magunia. Leo viganja vile vilikuwa vitupu, na uso wake ulikuwa uso nisioujua. Nimejua papo hapo picha ninayotaka kuichora.

Mimi ni mchora mabango. Naandika majina ya mitumbwi, nachora vichwa vya watu kwenye vibanda vya kinyozi, naandika bei za vocha. Kwa miaka miwili sasa nimekuwa na hamu ya kuchora uso wa mtu hivi kwamba atakayeutazama ahisi yaliyo ndani bila kuambiwa neno. Si kufananisha tu. Kufananisha najua.

Jioni nikamwambia, "Mama, nataka kukuchora."

"Kwani nimekufa?"

Kwetu picha kubwa ya mtu hutundikwa akishaondoka, kwa hiyo swali lake lilikuwa na haki. Nikamweleza. Akanyamaza muda, kisha akatoa masharti yake: isitundikwe chumba anachoswalia, asionyeshwe mtu kabla yake, na nisimchore analia.

19 Mei

Kitambaa. Nimenunua marekani mita nne, ile nyeupe ya kufifia ambayo haijatiwa dawa. Babu zetu hapa Ujiji waliitumia kama fedha: misafara ya karne ya 19 ililipa ushuru, posho na vyakula kwa marekani, wakihesabu kwa vipimo vya mikono na doti. Nimefurahi kuona kitambaa kile kile kinabeba uso wa mtu wa hapa.

Seremala wa mtaa amenitengenezea fremu tatu za sentimita 60 kwa 80. Nimevuta kitambaa, nikapigilia misumari midogo kuanzia katikati ya kila upande kwenda pembeni, maana ukianza pembeni kinakunjamana. Kisha gundi nyeupe ya mbao niliyoizimua kwa maji, mara mbili, na juu yake rangi nyeupe ya ukutani ya maji, mara tatu, nikipiga msasa kila inapokauka. Hatua hii si ya kuruka. Mafuta ya rangi yakigusa uzi mtupu huula taratibu, na baada ya miaka kitambaa hukatika kama karatasi kuukuu.

Sitaki kutumia rangi ya mabango. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya kung'aa ya baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, na wanyama wake mpaka leo wanawaka. Rangi ile inapenda ukingo mkali na eneo lililojaa sawasawa. Uso wa mama mkubwa hauna ukingo mkali popote. Nimeagiza mirija saba ya rangi ya mafuta kutoka Dar es Salaam, na nimelipa kwa fedha ya mabango matatu.

27 Mei

Mkaa wa kuchorea nimeutengeneza mwenyewe: vijiti vya mwembe vilivyomenywa maganda, vikapangwa ndani ya kopo la maziwa, mfuniko ukatobolewa kitundu kimoja cha msumari, kopo likafukiwa ndani ya makaa ya jiko. Moshi ukiacha kutoka kwenye kitundu, vijiti vimeiva. Vinachora laini kama wanja.

Nimemchora mara kumi na moja leo, kila mchoro dakika tano. Hakuna hata mmoja unaofaa, lakini mkono umeanza kulijua fuvu lake. Taya lake la kushoto limeshuka kidogo kuliko la kulia. Miaka yote hii sikuwahi kuliona.

3 Juni

Nimejifunza jambo kuhusu ngozi yetu, na nataka kuliandika kirefu kwa sababu mafundi wengi wa mabango tunakosea hapa.

Kwenye vibanda vya kinyozi tunachukua kahawia, tunaongeza nyeusi kwa kivuli na nyeupe kwa mwanga. Uso unatoka kama gogo lililopakwa vanishi. Leo nimemketisha mama mkubwa karibu na mlango saa moja asubuhi, nikaacha kuchora, nikaangalia tu kwa muda wa chai nzima. Paji la uso lililoelekea mlangoni si kahawia nyepesi. Ni la buluu, kwa sababu kinachong'aa pale ni mbingu. Chini ya kidevu pana wekundu, kwa sababu udongo wa uani kwetu ni mwekundu na unarudisha mwanga juu. Shavu la upande wa giza lina zambarau, na pembeni ya pua pana kijani hafifu ambacho ukikisaka kinakimbia.

Kwa hiyo nyeusi nimeiweka kando kabisa. Giza nalitengeneza kwa kuchanganya ile kahawia nzito waiitayo amba na buluu ya ultramarini. Amba ikizidi, giza linapata joto. Buluu ikizidi, linapoa. Ni giza lenye uhai, linapumua. Nyeupe natumia kwa ncha ya kisu tu, maana ikizidi ngozi inapauka kama ya mtu aliyetoka kuoga ziwani akasahau kujipaka mafuta.

13 Juni

Siku kumi zimepotea kwa mawese, na siwezi kusema nimepata hasara.

Niliwaza hivi: kama picha ni ya mama wa Kigoma, kwa nini rangi isiwe ya Kigoma? Nikachimba udongo mwekundu nyuma ya nyumba, nikauloweka ndooni, nikaukoroga, nikangoja mchanga uzame, nikamimina maji mekundu ya juu kwenye sufuria nyingine. Nilirudia hivyo mara nne. Kilichobaki baada ya kukaushwa ni unga laini kuliko wa muhogo. Nikausaga juu ya kioo na mawese. Nilipata rangi ya chungwa iliyoiva ambayo sijaiona kwenye mrija wowote. Nikapaka shavu zima.

Siku ya tatu, mbichi. Siku ya sita, mbichi. Jana nilikuta sisimizi wameacha njia yao kuanzia sikioni mpaka puani, na vumbi la kiangazi limelala juu kama poda. Mawese hayakauki. Mafuta ya kitani, yale maseremala wanayopaka mbao, hunasa oksijeni ya hewani yakaganda kuwa ngozi ngumu, ndiyo maana wachoraji wamekuwa nayo kwa karne nyingi. Mawese hayana tabia hiyo, yanabaki mafuta.

Nimekwangua shavu lote kwa kisu. Udongo ule ule nimeusaga upya kwa mafuta ya kitani, na leo asubuhi nimepaka kipande cha majaribio. Rangi imepungua ule moto, imekuwa nzito zaidi, ya matofali. Naipenda pia.

18 Juni

Picha ya kwanza imekamilika, na haifai.

Nilishika sharti la kutochora machozi. Lakini nilivyotaka "hisia" zionekane, nilishusha pembe za mdomo, nikakunja nyusi, nikayapa macho yote mawili kimetameta cha nyeupe chini ya kope. Nilimwita. Alisimama mbele yake, mikono nyuma, kama mtu anayekagua dagaa wa mwingine.

"Huyu anataka watu wamwonee huruma," alisema. "Mimi nimemwomba nani huruma?"

Akaenda kubandika maharage. Nilikaa pale mpaka giza likaingia. Alichosema ni kweli tupu. Nilikuwa nimechora huzuni kama ninavyochora mkasi kwenye kibanda cha kinyozi: alama ya kitu, ili mpita njia ajue humu ndani kuna nini. Mtu mwenye jambo moyoni haweki alama nje. Nguvu zake nyingi zinaishia kwenye kulizuia lisitoke.

22 Juni

Mwezi mpevu. Tumekaa nje baada ya isha.

"Hata ziwa lingekuwa wazi," amesema, "leo wasingetoka." Ni kweli. Dagaa hufuata taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitanda, taa ya mtumbwi haina nguvu na wavuvi hupumzika. Maisha yake yote yamepangwa kwa mwezi, kuliko hata kwa kalenda ya serikali.

Nilikuwa na daftari, nachora kwa mwanga ule ule wa mwezi, siioni vizuri hata karatasi. Yeye alikuwa anatazama upande wa ziwa. Kutoka barazani kwetu halionekani, lakini linasikika kama upepo wa kusi ukivuma. Akasema, pasipo mimi kuuliza:

"Usiku ule haukuwa na mwezi."

Basi. Hakuongeza, na mimi sikuuliza. Ni miaka kumi na moja sasa. Mwanawe wa kwanza, kaka yangu, alitoka na mtumbwi usiku na ziwa halikumrudisha, yeye wala wenzake watatu. Katika miaka hiyo hiyo yote, hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuisikia kutoka kwake.

30 Juni

Nimejaribu kuchora kwa kutumia picha ya simu, ili nisimchoshe. Vipimo vimetoka sawa kabisa na uso umekufa. Simu imemkamata katika nukta moja, na mtu hakai katika nukta moja. Nikimketisha saa nzima, uso wake unapita mahali pengi: anakumbuka kitu, anakisahau, anasikia daladala, anahesabu deni la mtu, anarudi. Picha ya brashi hukusanya vyote hivyo katika ngozi moja. Nimefuta picha zote za simu ili nisishawishike tena.

8 Julai

Usiku nimekuwa nasoma kwenye simu habari za Käthe Kollwitz. Mjerumani, alizaliwa 1867, akaishi Berlin, akafariki 1945. Alichora wanawake maskini na watoto wao, na alijichora mwenyewe tangu ujana mpaka uzee. Mwanawe Peter aliuawa vitani Ubelgiji mwezi Oktoba 1914, ana miaka 18. Mama yule akaanza kumtengenezea sanamu. Akaanza, akaacha, akarudia. Ilisimamishwa makaburini mwaka 1932.

Miaka kumi na minane! Na alichokifikia mwisho wa miaka hiyo ni wazazi wawili waliopiga magoti, kila mmoja amejikumbatia mwenyewe. Mtoto hayupo. Awali alikuwa amepanga kumweka, baadaye akamtoa.

Vita ile ile ilifika na huku. Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ilizamishwa na wenyewe hapa Kigoma Julai 1916 ili isitekwe, ikaja kuibuliwa 1924, na mwaka 1927 ikarudi majini kwa jina la Liemba. Watoto wetu wote wanaijua hadithi ya meli iliyotolewa chini ya ziwa. Nimewaza sana usiku huu juu ya kinachoibuliwa na kisichoibuliwa.

Na sasa naandika jambo ambalo limekuwa likinizuia mkono tangu Mei. Jina la mtumbwi ule nililiandika mimi. Lilikuwa bango langu la kwanza la kulipwa, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, ubavu wa kulia na wa kushoto. Kaka alisimama nyuma yangu akisifia kila herufi. Sitaliandika hapa. Nilidhani namchora mama mkubwa kwa sababu yeye ana jambo ndani. Nami ninalo, na ni lile lile, na kila ninapomkazia macho, natafuta usoni mwake kama ananilaumu.

Hanilaumu. Nimeangalia kwa majuma saba, kwa karibu kuliko mtu yeyote alivyowahi kumwangalia. Hakuna lawama pale.

14 Julai

Mzee jirani, ambaye amefundisha watoto wa mtaa huu Kurani kwa miaka mingi, ameniona nikitoa fremu uani. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza ninachofanya. Nilijua msimamo wake juu ya kuchora viumbe wenye roho, nikamjibu ukweli kwa adabu. Hakunikemea. Aliuliza, "Unataka kuonyesha nini?"

"Yaliyo moyoni mwake, mzee."

Alinyamaza kidogo, akasema: "Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Sawa. Lakini ukishainama ukakiona, nani kakwambia lazima ukitoe nje?"

Kisha akaendelea na safari yake ya msikitini.

Nimetembea na maneno hayo mpaka ufukweni na kurudi. Nilichokuwa nakisoma kuhusu wachoraji wa Ulaya wa hisia, wale wa mwanzo wa karne ya 20, kilinifanya niamini kwamba kuchora ndani ya mtu ni kumvua: kupinda mifupa, kuiacha ngozi iwe kijani, kuonyesha jeraha. Kazi zao zinanigusa, sisemi zimekosea. Lakini mimi nimelelewa na mama ambaye neno lake kubwa ni stara. Mgeni akija hakuna chakula, jiko linawashwa sufuria ikiwa na maji tu. Mtoto wa jirani akikosea, anafunikwa kwanza kisha anasemwa faraghani. Stara haimaanishi hakuna kitu. Kinachositiriwa kipo, na kila mtu wa nyumba anajua kipo wapi. Je, brashi inaweza kufanya hivyo? Kumfanya mtazamaji ajue kitu kipo, na asikione?

23 Julai

Nimepata. Naandika mikono ikiwa bado na rangi.

Mama mkubwa ana tabia moja. Akizama kwenye mawazo, huvuta pindo la kanga kutoka begani, akalileta mdomoni, akalishikilia hapo kwa vidole viwili. Si kuuma. Ni kuzuia tu, kama mtu anayeziba mdomo wa chupa. Tangu nianze kumchora, kila alipofanya hivyo nilimwambia, "Mama, toa kanga nione mdomo." Anatoa, tunaendelea, baada ya muda kanga imerudi. Nimemwambia hivyo labda mara 50. Mara 50 picha imekuja yenyewe na mimi nikaifukuza.

Leo asubuhi alipoivuta, sikusema kitu. Nilichukua fremu ya tatu, ambayo haijaguswa.

Mdomo haupo, kidevu hakipo, vyote vimemezwa na kitambaa. Yamebaki macho, na jicho la kushoto limeingia gizani kiasi kwamba nimelipa mistari miwili tu ya amba na buluu. Nimefuata njia ya Rembrandt, yule Mholanzi aliyejichora mwenyewe kwa mafuta mara 40 hivi mpaka mwaka aliofariki, 1669: gizani rangi nyembamba, karibu maji, kitambaa kinaonekana kwa chini. Kwenye mwanga, rangi nene ya kisu. Na mwanga mkali kuliko wote haupo usoni. Upo kwenye kifundo cha kidole cha shahada kinachobana pindo.

Kidole kile nimekichora mara nne. Mara ya kwanza kilikuwa kimeshika. Mara ya pili kimegusa. Kilichotakiwa ni kubana, na nilipokitazama kwa karibu nikaona siri yake: kucha imekuwa nyeupe nusu ya juu, damu imekimbia, na nyama ya pembeni ya kucha imefura kidogo. Kwenye kifundo mikunjo imenyooka ikabaki kama uzi. Nguvu yote ya mwili wa mama yule, anayebeba gunia la dagaa kichwani, ilikuwa imekusanyika kwenye nafasi isiyozidi punje ya harage, na uso ukabaki umetulia tuli.

Mara ya nne nilichanganya udongo wangu wa uani na nyeupe kidogo sana na buluu, nikaweka kidoa kimoja kwa kisu, nikakiacha. Sijakirudia. Nilijua nikikirudia nitakiua.

5 Agosti

Kanga ni kisutu, aliyoolewa nayo. Wekundu umechoka, weusi umekuwa wa kijivujivu, na pembeni pana mchaniko uliotiwa uzi wa kijani kwa kuwa siku hiyo hakukuwa na uzi mwekundu. Nimeuchora uzi ule. Nilidhani ni jambo dogo.

Tabaka za juu nimeongeza mafuta ya kitani kidogo kidogo. Konda chini, nono juu. Ukigeuza, tabaka la juu hukauka kwanza, la chini linaendelea kusogea, na uso unapasuka nyufa kama tope la mto uliokauka.

Jana nilifanya kosa la fundi wa mabango: nililainisha shavu. Lilikuwa na mapigo manne ya brashi yaliyopishana, nikayapitia kwa brashi kavu mpaka yakawa mulua. Shavu likawa la tangazo la sabuni. Nikachukua kitambaa chenye tapentaini, nikafuta kwa hasira, na kilichobaki baada ya kufuta, ile alama ya kitambaa kilichoburuzwa kutoka jichoni kwenda taya, ndicho kilichotakiwa. Nimekiacha.

Mkono wa kushoto, ulio pajani, kiganja juu kama ile asubuhi ya 16 Mei, bado ni mstari wa mkaa juu ya marekani nyeupe. Kila siku nasema kesho nitaujaza.

11 Agosti

Kibirizi wanajiandaa. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inazibwa nyufa, kila mtu anataka jina lake liandikwe upya kabla ya siku yenyewe. Nimeandika majina sita kwa siku nne. Naandika polepole kuliko zamani. Mwenye mtumbwi mmoja kaniuliza kama naumwa.

15 Agosti

Ziwa limefunguliwa leo. Mama mkubwa anaangalia mbinguni anasikitika: mwezi umekwishakua, siku nne zijazo utakuwa mpevu. "Wamefungua mlango, wameacha taa inawaka," amesema. Hata hivyo ameamka saa kumi. Nimelisikia kapu likinyanyuliwa, na mlango.

17 Agosti

Amerudi saa tano asubuhi, mikono imejaa magamba ya dagaa yanayong'aa mpaka viwikoni. Nilikuwa nimeiegemeza picha ukutani, barazani, mwanga ukitokea kushoto kama siku zote. Nilimpa kigoda, hakukaa.

Alitazama muda mrefu. Nilisikia adhana ya mbali ikijaribiwa kwenye kipaza sauti, kuku, redio ya jirani. Nilimwangalia yeye, sikuiangalia picha. Mkono wake wa kulia ulipanda wenyewe kutafuta pindo la kanga. Magamba yalikuwa yamemjaa vidoleni, akauteremsha tena bila kuligusa.

"Umeweka mpaka uzi wa kijani," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Alinishonea yeye. Alikuwa na miaka kumi na mbili. Nilimwambia tafuta uzi mwekundu, akasema huu ndio wenye nguvu."

Sikujua. Nimeishi nyumba hii miaka yote na sikujua. Nilidhani nimechora kitambaa kuukuu.

Akasogea karibu zaidi, akainama kwenye sehemu ya chini. "Na huu mkono hujaumaliza?"

"Bado. Nimeshindwa kuujaza."

Akanyoosha kiganja chake cha kushoto mbele ya kile cha mkaa, akavilinganisha, magamba yakimetameta. "Basi uache hivyo hivyo. Usiweke kitu."

Nilitaka kuifunika kwa shuka, nikakumbuka rangi ya kifundo ni nene na itakuwa mbichi kwa wiki kadhaa, vanishi isipakwe mpaka mwakani. Nikamwambia itabidi ikae wazi. Alifikiri, kisha akaishika fremu mwenyewe kwa nyuma, kwenye mbao, akaigeuza uso uangalie ukutani, na kati ya picha na ukuta akaacha nafasi ya kiganja ili isiguswe.

"Hapo itakauka," alisema. "Njoo unisaidie kushusha. Ni magunia mawili tu leo, mwezi huu."